Aliyerudi Kutoka Mtoni

Isaïe alikuwa amemlilia mwanamke yule kama marehemu tangu vita vya mjini, na sasa alikuwa amesimama akimtazama sokoni Lubunga, ng'ambo ya mto, mwanamke huyo amechuchumaa nyuma ya samaki wa moshi, akifukuza nzi kwa kipande cha katoni.

Alijibanza nyuma ya nguzo ya kibanda. Paji lilikuwa lile lile pana, macho yale yale yaliyoachana mbali. Uso huo aliuona mara moja tu maishani mwake, na kwa muda mfupi, lakini hakuwahi kufumba macho bila kukutana nao.

Ilikuwa ule mwezi wa sita, majeshi mawili ya kigeni yalipogeukiana katikati ya Kisangani na kurushiana mabomu juu ya vichwa vya wenyeji. Isaïe, mchuuzi wa maharagwe aliyetoka Butembo, alimchukua mke wake Françoise na watoto wakakimbilia mtoni. Walipata nafasi katika mtumbwi, pirogue kama wenyeji wanavyoita, uliokwisha kujaa hadi ukingoni. Waziri, mpiga kasia, alikuwa tayari amesukuma waondoke pale mwanamke mmoja alipoingia majini hadi shingoni, fundo la kitenge limekaza kifuani, akadaka ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili.

Mtumbwi ukalala upande. Maji yakaingia. Françoise akawainamia watoto. Mwanamke alikuwa akirudia neno moja, maji yakimwingia mdomoni, mabomu yakilia nyuma yake: "Nipokee. Nipokee."

"Papa, toa ye," Waziri alisema. "Tutakufa wote."

Isaïe aliinama, akambandua vidole kimoja kimoja. Vilikuwa vidole vyenye nguvu, na vilivyobanduliwa vilirudi kushika tena. Cha mwisho kilipoachia, mkondo ukamchukua. Isaïe aligeuza uso, akatazama ng'ambo mpaka walipofika.

Walipona wote, na hilo ndilo lililomtesa. Kila alipomwona binti yake Benie akila, akicheka, akisukwa nywele mlangoni, aliona bei yake. Alikwenda kwa padri Ambroise, akasema yote. Padri alimsikiliza, kisha akamwambia, "Mungu alishakusamehe, Isaïe. Mwenye amebakia ni wewe. Jisamehe." Alijaribu. Aliwapelekea wajane maharagwe, alifagia kanisa, alisali hadi magoti yakaota sugu. Moyo ulikataa.

Na sasa mwanamke yule yuko hai, anauza samaki.

Hakuthubutu kumsogelea siku hiyo. Alimuuliza tu mwenye kibanda, akaambiwa ni Mama Germaine, mtu wa Maniema. Alivuka mto kurudi nyumbani huku anacheka na kulia, hata abiria wenzake wakamkwepa.

"Mama Benie, hakufa. Ule mama wa pirogue iko muzima. Iko anauzisha samaki."

Françoise alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ulibaki hewani.

"Ulimwona?"

"Na macho yangu."

"Alikuwa na nani?"

"Peke yake."

Françoise aliuweka mchi chini taratibu, akapangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bon. Sasa unajua hakufa. Jisamehe, Papa Benie, inatosha. Usiende kwake."

"Juu ya nini?"

"Muache tu. Nakuomba."

Isaïe alidhani anaogopa mumewe asije akatukanwa mbele ya soko zima. Hakubishana naye.

Juma lile alilala usingizi wa mtoto. Alikula akashiba. Alichoshindwa kanisani kilimjia chenyewe pale kitandani: alijisamehe. Alikosa, ndiyo, lakini vidole hupona, na mwenye vidole anaishi. Kilichobaki ni kulisikia neno lenyewe kutoka kinywani mwa yule mama, amalize.

Jumapili baada ya misa alivuka tena. Mama Germaine alikuwa pale pale. Isaïe alivua kofia, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, sijui kama unanikumbuka."

Alimtazama sana. "Nakukumbuka."

"Ni mimi nilitoa vidole vyako kwa pirogue."

"Najua, papa." Alikunjua mkono wake, akaukunja, akaukunjua tena ili auone. "Wavuvi walinikamata kule chini, nilikuwa nimeshakunywa maji mingi. Vidole vilipona."

"Niliogopa. Watoto wangu walikuwa ndani."

"Niliwaona watoto wako. Hata mimi ningefanya vile."

Machozi yalimtoka Isaïe, akayaacha yatiririke. Wanunuzi walipita wakiwatazama.

"Donc umenisamehe?"

"Juu ya vidole vyangu? Zamani, papa. Zamani sana."

Isaïe alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu siku ile ya mto. Alihisi mabega yake mepesi. Padri alikuwa amesema kweli, na yeye mwenyewe hakuwa amekosea kujisamehe.

"Namushukuru Mungu, mama," alisema, akipangusa uso kwa kofia. "Kila siku nilikuwa nakusikia: nipokee, nipokee. Nilikuwa najiita muuaji. Kumbe hakuna mutu mwenye alikufa."

Mama Germaine aliacha kupunga katoni. Nzi wakatua.

"Sikusema nipokee, papa," alisema polepole, kama anayemfundisha mgeni kutamka. "Nilisema mupokee. Mutoto alikuwa mugongoni."