Nusu ya Shomvi

Siku hizi kozi ya mitandao ya kompyuta unaisomea nyumbani, usingizini, ila kichwa kimoja hakitoshi. Lazima mgawane wawili mnaoishi pamoja, nusu kwa nusu. Mwanahawa alilinganisha kozi mpaka zikamchanganya, maana kila moja iliahidi ajira. Mwishowe akachagua moja, akaweka kidole kwenye skrini. Mumewe, Shomvi, akaweka chake.

"Samahani mama," ilisema sauti ya chuo. "Baba tayari ana nusu yake. Alihitimu mwaka jana."

"Na nani?"

"Na mwenzake anayeishi naye."

"Anayeishi naye ni mimi." Mwanahawa akamgeukia mumewe. "Mashine imekosea, au siyo?"

Shomvi alikuwa akifuta kidole kwenye shati, ingawa hakikuwa na uchafu wowote.