Radhi Isiyo na Muhuri

Siku hizo radhi ya mzazi ilikuwa haihesabiki mpaka igongwe muhuri wa kamishna wa viapo, na mtoto asiye na karatasi hakuruhusiwa kumwosha mzazi wake akifa.

Mwantumu karatasi alikuwa nayo, ila ya kunyimwa radhi. Mama yake aliiapia miaka minane nyuma, siku Mwantumu alipomkataa mume aliyechaguliwa. Kisha mama akapooza, na ni Mwantumu huyo huyo aliyemlisha, akamgeuza, akamfuta. Mama akamsamehe. Mwantumu alipotaka kamishna aitwe, mama alicheka.

"Mimi na wewe, mwanangu, muhuri wa nini?"

Akaweka dole gumba kwenye karatasi mpya ya radhi, ili tu kumridhisha.

Asubuhi mama alipofariki, Mwantumu aliikimbiza karatasi ile ofisini.

"Mwenye dole hili yuko wapi?" kamishna aliuliza.

"Amefariki leo."

"Mimi nashuhudia mtu akiweka dole mbele yangu, mama. Hili sikuliona." Akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu zote za serikali.

Nyumbani, mdogo wake Salha, ambaye hakuukanyaga ua ule miaka mitatu, alionyesha muhuri wake mlangoni akaingia na waoshaji. Mwantumu alibaki nje, viganja vikinukia sabuni ya jana.

Punde Salha aliita nyuma ya pazia: "Dada, kidonda cha mama kiko upande gani?"

"Nyonga ya kushoto," Mwantumu alijibu. "Na maji yawe vuguvugu. Yakiwa baridi anashtuka."