Kikombe Penye Mwanga

Tunu alikuwa akipitia filamu aliyoipiga kuhusu nafsi yake na uchoraji wake. Kwenye skrini, baba yake mgonjwa alinyoosha mkono kufikia kikombe cha maji. Mkono wa Tunu ukaingia, ukakisogeza kikombe mbali naye, karibu na dirisha penye mwanga mzuri, kisha ukarudi nyuma ya kamera.

Tunu akaomba picha isimamishwe.

"Hapo tukate, dada," alisema Hamdani, mhariri wake. "Watu watakutemea mate."

"Wateme tu. Si tuliahidi kuonyesha mimi ni nani?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi ndiye huyo. Acha."

Hamdani akaiacha picha iendelee. Mzee alikuwa bado anapapasa hewani, na Tunu akajikuta anakagua kama mwanga umekaa vizuri.