Sala Fupi ya Fuko

Kobe alikuwa mwalimu wa kipaimara, na hakuna mwanafunzi ambaye sala yake hakuikosoa. Fuko alipoomba, "Bwana, nimeanguka, niinue," Kobe alimfukuza: "Hiyo nayo ni sala?" Mwishowe mabenchi yakabaki matupu.

Siku moja Kobe alipinduka darasani, miguu juu. Siku tatu alikariri sala zake ndefu peke yake; waliopita nje walidhani anafundisha. Sauti ilipomkauka, akanong'ona, "Bwana, nimeanguka, niinue."

Fuko alimsikia kutoka chini ya ardhi. Akachimba udongo ubavuni mwake mpaka Kobe akageuka na kusimama kwa miguu yake.

"Mwalimu, hiyo ni sala yangu."

"Najua. Nifundishe iliyobaki."

"Imeishia hapo."

Kobe akaenda kuketi kwenye benchi la wanafunzi.