Mwiko wa Mama Casilda

Kabla hakujapambazuka, mfuniko wa sufuria ulianza kugongagonga jikoni. Uji wa mahindi ya zambarau ulikuwa ukichemka, na mwiko ulikuwa mkononi mwa Casilda.

"Bado yupo," sauti ilisema chini ya blanketi, chumba cha pili.

"Viongozi ndivyo walivyo," ikajibu nyingine. "Kiti hunasa makalio."

Barua ilikuwa imefika jana alasiri: Casilda aondoke. Alikuwa ameuongoza Umoja wa Wanawake kwa miaka tisa. Wenzake themanini wakamwokea keki, wakaimba kwaheri. Casilda akala keki, akashukuru, akaenda kulowesha mahindi ya kesho.

Alikuja hapa miaka kumi na miwili iliyopita akijua kazi moja tu, kukaanga maandazi. Mwaka wa kwanza hakusema na mtu. Kisha wanawake wakang'oana nywele kwa ajili ya karo za maji za kufulia nguo, naye akachukua mkaa akaandika zamu ukutani. Wakamchagua msimamizi wa karo. Baadaye wa tanuri la mikate, kisha wa chumba cha watoto. Mwishowe wakamfanya mwenyekiti, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kumfokea daktari, na daktari akaomba radhi. Wageni wa Ulaya walipokuja kumpiga picha, aliwapa visu wamenye viazi.

Wilma, mwenyekiti mpya, aliingia jikoni akisuka nywele zake.

"Mama, nipe mwiko."

"Tanuri lina ufa."

"Tutaliziba."

"Na daktari asipokuja Jumanne?"

"Nitamfokea."

"Wewe ukifoka unacheka."

"Basi atacheka, atakuja." Wilma akapunguza moto. "Nieves yuko nje tangu saa kumi. Baridi yote hii, amevaa viatu vya wazi."

Casilda akakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. Nieves alikuwa binti yake. Alimwacha kwa shangazi akiwa na miaka sita, na tangu hapo mtoto hakuwahi kumlaumu. Kila wiki alimletea chungwa moja, tayari limemenywa.

"Kule mimi ni nani, Wilma? Hapa nikikohoa, katibu anaandika."

"Kule ni mama wa mtu. Cheo hicho hakina uchaguzi."

Casilda akachota kidogo kwa mwiko. Akaonja uji, akaongeza mdalasini, akaonja tena. Halafu akampa Wilma mwiko, akaushikilia kidogo, akauachia.

Hakuwa na mengi ya kufungasha. Blanketi lake alimwachia msichana aliyefika juzi na nguo alizovaa tu, akaliweka miguuni pake bila kumwamsha. Shela lake alilikuta limeshonwa palipokuwa pamechanika, na hakuna aliyekubali kuwa ndiye aliyeshona.

Uani wakammwagia kichwani vipande vya karatasi za rangi, kama wamwagiavyo bibi harusi.

"Mama analia," mmoja alinong'ona.

"Ni karatasi imeniingia jichoni," akasema Casilda. "Zimekatwa vibaya. Nani alikuwa zamu?"

"Nenda, Mama," wakasema wote kwa pamoja, maana walimjua. Angeanza kuitisha kikao.

Alivuka ua polepole, akiwa na karatasi za rangi kwenye nywele zote, akageuka mara mbili kuutazama moshi wa tanuri. Mlangoni Wilma alimfuata, bado ameshika mwiko.

Askari akafungua kufuli la kwanza, la pili na la tatu, akamtoa Casilda, akayafunga yote. Wilma akapitisha mkono katikati ya nondo, akamrekebishia shela.

"Uje ututembelee, Mama. Alhamisi au Jumapili. Na wakikugonga muhuri wa wageni mkononi, usiuoshe kabla hujatoka, wasije wakakuzuia ndani, maana kifungo chako kimekwisha na kitanda tumeshakigawa."