Ripoti ya Msomaji wa Pili

Rukaiya aliisukuma bahasha chini ya mtandio wake, akaibana kwa kiwiko, ndipo akageuka kuwatazama mafundi wawili waliokuwa wakipima ofisi yake kwa futi kamba.

"Mita tisa na nusu," mmoja alisema. "Vioo vitakaa ukuta huu. Mashine za kukimbilia tunaziweka pale kwenye makabati."

"Makabati yana vitabu," Rukaiya alisema. Hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri sauti yake.

"Tumeviona, sista. Mke wangu anauza maandazi Tandika, karatasi za kufungia zimemwishia."

Wakacheka. Rukaiya alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini. Saa sita kamili, Baraza la chuo lingefanya uamuzi. Ukumbi huu mdogo nyuma ya chuo, huku Temeke, ulikuwa umetoa vitabu kwa miaka mingi, lakini mitatu ya mwisho haukutoa hata kimoja. Fedha zilikwenda uwanjani. Sasa Baraza lilikuwa limeweka sharti: ukipatikana mswada mmoja uliopitishwa na wasomaji wawili wa nje kabla ya saa sita leo, kitengo cha uchapishaji kitapewa fedha za mwaka. Usipopatikana, ukumbi unakuwa jimu ya timu.

Mswada ulikuwepo: nyimbo za kubembelezea watoto, zilizokusanywa kwa akina mama wa Temeke, wenyeji na waliohamia kutoka bara. Haukuwa na jina la mwandishi. Ndivyo kazi hii inavyofanywa. Msomaji asijue anamsoma nani, mwandishi asijue anasomwa na nani. Jina alikuwa nalo Dokta Benedicta peke yake, mhariri mkuu, naye wakati huu alikuwa ghorofani kwenye kikao, akivuta muda. Rukaiya, msaidizi wake, alikuwa ameusoma mara nne. Mara ya pili alilia, akafunga mlango ili watu wasimwone.

Msomaji wa kwanza aliukubali. Wa pili, profesa mstaafu wa Tabata anayeandika kwa mkono na asiyetaka hata kusikia barua pepe, alikaa kimya wiki sita. Ripoti yake ililetwa na bodaboda muda mfupi uliopita. Rukaiya alikuwa amesoma mstari wa kwanza tu aliposikia sauti ya Kocha Adelard kwenye korido, na mafundi wakamtangulia kuingia.

Kocha Adelard alikuwa mkurugenzi wa michezo. Ndiye aliyesimama mbele ya wafanyakazi wote akasema kitabu hakijawahi kuleta mwanafunzi chuoni, kombe ndilo linaloleta. Wiki hii alikuwa amefika hapa mara tatu, na kila mara aliuliza swali lile lile.

Aliingia akijifuta jasho. Mwili wake uliujaza mlango.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Ripoti imekuja?"

Rukaiya hakujua kudanganya. Aliibana bahasha zaidi kwa kiwiko.

"Ripoti gani tena, bosi?" fundi wa maandazi aliuliza. "Ile ya nyimbo za kulaza watoto? Kumbe chuo kizima kinasubiri kuimbiwa kilale."

"Tokeni nje," Kocha alisema.

"Tumebakiza ukuta mmoja tu."

"Nimesema nje."

Walitoka wakitazamana. Kocha aliufunga mlango nyuma yao, akasukuma komeo.

Rukaiya alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati. Dirisha lilikuwa na nondo. Simu yake ilitetemeka mezani. Jina la Dokta Benedicta likawaka, likazima, likawaka tena. Hakuthubutu kuifuata. Baraza lilitaka karatasi yenyewe, yenye sahihi ya wino. Angeweza kukimbia nayo mara tu ilipofika. Badala yake alikuwa amekaa kuisoma.

"Yule bodaboda nimepishana naye getini," Kocha alisema. "Usinifiche, mdogo wangu."

Bahasha ilikuwa imeanza kulowa jasho. Rukaiya aliitoa, akaikumbatia kwa mikono miwili.

"Kocha, nakuomba. Iko moja tu. Ukiichana, basi, hatuna nyingine."

Kocha alisogea hatua mbili, akaunyoosha mkono wake mkubwa, kisha akaurudisha mfukoni.

"Umeisoma?"

"Mstari wa kwanza."

"Nisomee."

Alifikiria kupiga kelele. Alifikiria mafundi huko nje, na jinsi wangecheka. Akaifungua karatasi, na herufi zikawa zinacheza machoni pake mpaka akazishika kwa kidole, moja moja.

"'Napendekeza kwa moyo wote kitabu hiki kichapishwe.'"

Huko nje fundi mmoja alikohoa. Ilikuwa imebaki robo saa, na kati ya Rukaiya na mlango alikuwa amesimama mtu ambaye mstari huo mmoja ulikuwa umemnyang'anya jimu yake.

Kocha Adelard alikaa juu ya rundo la vitabu, ghafla. Aliinamisha kichwa. Rukaiya aliona mabega yake yakipanda na kushuka, akaikunja karatasi haraka na kuibana tena kifuani, akingoja ainuke.

Hakuinuka.

"Nisomee ukurasa wa pili," alisema, na sauti ilikuwa ndogo mno kwa mwili ule. "Ameniambia niuondoe wimbo wa mama yangu kitabuni?"