Mkono Uliokataa Kung'oa

Jumamosi, tarehe 21 Juni 2025. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kwenye mierezi, na baridi ya kutafuta sweta. Kisha jua likachomoza ghafla, na mteremko mzima juu ya Ketama ukaanza kunukia bangi.

Katikati ya shamba lake, Bouazza alikuwa amesimama wima, kofia mkononi, akiiomba mimea radhi.

"Sauti!" Bi Mennana, mkulima mkongwe wa kijiji, alimpigia kelele. "Ile ya nyuma haijasikia!"

"Nisameheni," Bouazza akasema kwa nguvu zaidi, akiigeukia mimea ya nyuma. "Nisameheni nyote."

Wanawake waliokaa juu ya ukuta wa mawe walicheka mpaka kofia zao za ukindu zikadondoka. Mmoja aliteremka akaketi chini kabisa, ameshika mbavu, akimwomba Mwenyezi Mungu amwondolee kicheko kile kabla hakijamuua.

Tangu serikali iruhusu zao hilo kwa ajili ya dawa, na askari waache kuja kuling'oa huku watu wakikimbilia milimani, ushirika wa kijiji ulikuwa na utaratibu wake. Kila Jumamosi wakulima wakongwe walikwenda kwenye shamba la mmoja wa wanaoanza, na wanaoanza wakauliza walichotaka. Mkongwe hakuruhusiwa kusema kwamba swali ni la kijinga. Kucheka aliruhusiwa.

"Bibi, majani yangu yamekuwa ya manjano," alisema Ikram, binti aliyerudi kutoka chuoni.

"Unamwagilia lini?" aliuliza Bi Mennana.

"Kila siku."

"Basi unaizamisha, mwanangu. Umepanda bangi, hukupanda mpunga! Chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na tope, nenda kanywe chai."

Bouazza ndiye aliyekuwa na maswali mengi kuliko wote. Alihamia hapo wakati wa theluji, mstaafu kutoka mji wa Kenitra, akakodi kipande chenye mawe karibu na chemchemi. Alisema alifanya kazi serikalini, na hakuna aliyemdadisi zaidi. Jumamosi yake ya kwanza aliuliza kwa nini miche yake inanyong'onyea. Bi Mennana akamjibu, uso mkavu kabisa: "Iombe radhi. Kila siku baada ya sala ya alfajiri, kofia mkononi." Bouazza aliitika kwa kichwa. Hakuuliza radhi ya nini. Tangu siku hiyo hakukosa hata mara moja.

Lakini leo kulikuwa na jambo lisilo la mzaha. Mwenyezi Mungu ameliumba zao hili dume na jike. Jike ndilo lenye dawa. Dume likipasua vifuko vyake, unga wake huchukuliwa na upepo, majike ya bonde zima yakashika mbegu, na kiwanda cha dawa hakitaki bangi yenye mbegu. Madume ya Bouazza yalikuwa yamevimba. Upepo wa bondeni huanza kabla ya adhuhuri. Vifuko vikipasuka, zao lake limekwisha, na la majirani pia, na ushirika utamfuta jina. Nyumba ya Kenitra alikwisha kuiuza. Hakuwa na pa kurudi.

"Unaliona dume?" aliuliza Mzee Aallal, shemeji yake Bi Mennana.

"Naliona, mzee. Hili hapa, lina vifuko kama zabibu changa. Jike ni lile lenye nyuzi mbili nyeupe."

"Hodari! Haya, ling'oe."

Bouazza aliinama, akalishika shina. Akaliachia. Akafuta kiganja kwenye suruali.

"Siwezi."

"Mgongo?"

"Mgongo mzima, alhamdulillahi. Mkono ndio unakataa."

Ukuta mzima ulilipuka kwa kicheko. "Mtu ana mabega kama mlango wa msikiti," alisema Mzee Aallal akipangusa machozi, "anaogopa jani!"

"Labda anamwonea huruma dume mwenzake!" mwanamke mmoja akadakia.

"Mwimbieni! Mwimbieni kama bwana harusi!"

Wakamwimbia. Vigelegele vilikwenda mpaka ng'ambo ya bonde, mbwa wakajibu, na punda wa Mzee Aallal akaitikia kwa sauti yake mbaya. Hata Bouazza alicheka, kofia ameikumbatia kifuani. Akalishika shina mara ya pili, akaliachia tena.

"Jamani, muda unakwenda," alisema Ikram. "Acheni nimng'olee mimi."

Bi Mennana alimvuta mkono wa nguo. "Keti. Atang'oa mwenyewe."

"Bi Mennana," Bouazza alisema, na sasa hakuwa akicheka, "nikianza kung'oa hapa, mbele ya macho yenu, mtaniona mtu wa namna gani?"

"Tutamwona mtu anayeng'oa," alisema Mzee Aallal. Lakini alisema polepole, na safari hii hakuna aliyecheka naye.

Jani la kwanza likatikisika. Upepo ulikuwa unaanza kupanda kutoka bondeni.

Bi Mennana alishuka ukutani, akakung'uta shuka yake ya mistari myekundu, akapita kati ya mistari ya mimea mpaka alipofika kwa Bouazza. Aliushika mkono wa yule bwana, akauweka kwenye shina, akaufunika kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akawageukia wenzake.

"Kuweni mashahidi nyote," alisema. Akamtazama Bouazza usoni. "Ng'oa, afande. Naahidi mbele ya hawa wote: safari hii hakuna atakayekimbilia milimani."